Kinyago Ambacho Mtoto Hakukichonga

Wahusika wanaowapokea watoto katika bustani za burudani ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mvaa kinyago: mtu aliyefunikwa mwili mzima kwa vazi la manyoya na sponji, juu ya mabega kuna kichwa kikubwa cha panya, bata au mbwa, na hasemi neno. Wa pili ni mwigizaji wa uso wazi: binti mfalme, haramia au Peter Pan, mwenye nywele za bandia na vipodozi, lakini macho ni yake, mdomo ni wake na sauti ni yake. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, vinyago vyake vya kwanza viliazimwa kutoka kwa kundi la maonyesho ya kuteleza kwenye barafu. Tangu wakati huo kazi hizi mbili zimekua na kuwa fani mbili tofauti zenye mafunzo tofauti. Wazazi wengi huona tofauti ya mavazi tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, mmoja ni mtu na mwingine ni kitu asichokijua.

Imani iliyozoeleka ni kwamba kinyago ni cha wadogo na mwigizaji wa uso wazi ni wa wakubwa. Hoja yake ni nyepesi: mtoto hulala na Mickey wa kitambaa, kwa hiyo atampenda Mickey anayetembea. Lakini Mickey wa kitambaa hubebwa, hutupwa, hung'atwa sikio na kuachwa chini ya kitanda. Mickey anayetembea ana kimo kinachokaribia mara mbili ya kile cha mtoto wa miaka miwili, na huja bila kuitwa. Mtoto anapopiga ukelele na kupanda shingoni mwa mama yake, swali linalofuata huwa lilelile kila msimu wa likizo: mtoto huyu ana kasoro gani? Hana kasoro yoyote. Swali linamchunguza asiyehusika, ilhali kinachostahili kuchunguzwa ni kile kilichosimama mbele yake.

Binadamu huanza kusoma nyuso kabla ya kujua kukaa. Mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake walionyesha hilo katika jaribio lililochapishwa mwaka 1978. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaombwa aukaze uso dakika chache, asicheke wala kujibu. Watoto walijaribu kumrudisha mchezoni kwa kutabasamu na kutupa mikono. Waliposhindwa waligeuza uso na kunyong'onyea. Hao walikuwa wakimtazama mama yao mzazi. Kinyago kina uso uliokazwa hivyo kutwa nzima. Tabasamu lake halipungui mtoto anapolia wala haliongezeki anapocheka, macho yake hayapepesi, na sauti haipo. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2018 bustani ya Magic Kingdom huko Florida ilikuwa na Mickey aliyepepesa macho, kusogeza mdomo na kuzungumza na wageni, lakini huyo alipatikana mahali pamoja tu. Vinyago vingine viliendelea na ukimya wao.

Kuna pia jambo la kazi yenyewe. Aliye ndani huona kupitia wavu mdogo, mara nyingi uliofichwa mdomoni mwa kinyago, na mtoto aliyesimama karibu na miguu yake huweza kupotea kabisa machoni pake. Ndiyo sababu hutembea na msaidizi. Yaani mhusika anayetarajiwa kumbembeleza mtoto hana hakika mtoto yuko wapi, sembuse kujua kama midomo yake imeanza kutetemeka.

Tatizo la pili ni la akili ya umri. Mwaka 1969 Rheta DeVries, mtafiti wa Marekani, alichapisha utafiti uliofanywa kwa msaada wa paka mpole aliyeitwa Maynard. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walimchezea paka huyo, kisha kichwa chake kikafichwa na kuvishwa kinyago cha mbwa, huku wao wakitazama kiwiliwili na mkia ambao haukuondoka machoni pao. Hata hivyo, watoto wa miaka mitatu kwa jumla waliamini kwamba mnyama amekuwa mbwa. Wa miaka sita walijua kuwa ni paka yuleyule aliyevishwa. Kwa hiyo maneno "ni mtu tu yule, yumo ndani" hayamfikii mtoto wa miaka miwili na nusu. Si kwamba hasikii. Kwake, kilichobadilika sura kimebadilika kweli.

Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mtu mzima amekichonga hiki: anajua kuna kiwanda, kuna mshahara, kuna kijana anayetokwa jasho ndani. Mtoto hakushiriki kukichonga. Desturi ya Wamakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, inatoa kielelezo kizuri. Katika ngoma ya mapiko mchezaji hujifunika kinyago cha mti na nguo mwili mzima, na wasiopita jandoni huaminishwa kwamba huyo si binadamu. Siri hufunuliwa jandoni, kwa vijana ambao akili yao inaweza kuushika ufunuo huo. Hakuna aliyetarajia mtoto wa mgongoni aelewe.

Sasa ile dawa inayouzwa kila mahali: "Msogeze tu, alie kidogo, atazoea." Hutolewa na mashangazi, na wapiga picha, na wenye foleni waliochoka kusubiri. Kwa mtoto wa kiume huongezewa chumvi ya kwamba mwanamume haogopi. Huonekana kufanya kazi kwa sababu mbili, na zote mbili ni za uongo.

Ya kwanza ni umri. Hofu ya vinyago hupungua yenyewe kwa watoto wengi wanapokaribia kuanza shule. Aliyesukumwa akiwa na miaka miwili haogopi tena akifika mitano, na ambaye hakusukumwa naye haogopi. Kuusifia msukumo ni sawa na mkulima kupiga debe shambani mwezi Machi, kisha mvua za masika zikinyesha akalisifia debe. Ya pili ni ukimya. Mtoto aliyekuwa akilia huwekwa mapajani mwa kinyago, sauti inakatika, mwili unakauka, macho yanatazama pembeni. Watu husema ametulia. Hajatulia, amekufa ganzi. Ukimya wa namna hii ni kilele cha hofu, na yeyote aliyewahi kumshika mtoto katika hali hiyo ameyahisi mapigo ya moyo wake.

Wapo wanaojitetea kwamba hata wataalamu hutibu hofu kwa kumkabili mgonjwa na anachokiogopa. Ni kweli, lakini hawafanyi kama inavyofanywa bustanini. Matibabu hayo hupanda ngazi moja moja, mtoto akikubali, na kila hatua hudumu mpaka hofu ishuke yenyewe kabla ya kusogea. Picha ya bustanini huchukua dakika moja: mtoto hupelekwa hadi kwenye kilele cha hofu, kamera inalia, kisha hunyakuliwa na kuondolewa. Anachojifunza ni kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa. Mara ya pili atalia mapema zaidi, na hapo ataitwa mkaidi.

Historia ya somo hili ina kesi mbili zinazopaswa kujulikana na kila anayetoa ushauri huo. Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner walimtisha mtoto mchanga aliyepewa jina la Albert kwa kugonga chuma kwa kishindo kila alipogusa panya mweupe. Baadaye alionyesha hofu si kwa panya peke yake bali pia kwa sungura, kwa koti la manyoya, na kwa kinyago cha Baba Krismasi chenye ndevu nyeupe. Lilikuwa jaribio la mtoto mmoja, na leo lisingeruhusiwa, lakini linaonyesha jinsi hofu ya kitu kimoja inavyoweza kusambaa hadi kwa vitu visivyo na hatia. Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliripoti kinyume chake. Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu, alimwogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali, ndani ya kizimba, wakati Peter akila chakula akipendacho, kisha akasogezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa kadiri Peter alivyovumilia tu. Mwishowe Peter alimshika sungura mwenyewe. Karne nzima imepita tangu ripoti hiyo, na bado kuna watu wazima wanaomvuta mtoto mkono kuelekea kwa sungura wa mita mbili.

Hasara kubwa zaidi iko kwa mzazi mwenyewe. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo ambayo chini yake palionekana kama kuna shimo. Mama alisimama upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto asiyeelewa kilicho mbele yake hutazama uso wa anayemwamini. Mbele ya kinyago, uso wa mzazi ndio uso pekee unaosomeka. Mzazi anayecheka huku mikono yake ikisukuma anaichafua ishara ambayo mtoto ataihitaji barabarani, hospitalini na kando ya maji.

Mwigizaji wa uso wazi ana faida ambayo vazi haliwezi kuinunua: anaweza kujirekebisha. Huona mtoto amejificha nyuma ya sketi ya mama, akapiga magoti hatua tatu mbali, akashusha sauti, akamwuliza dada yake mkubwa kwanza. Si kwamba nyuso wazi hazitishi. Mhusika mwovu aliyeigizwa vizuri huweza kumtisha mtoto wa miaka sita kuliko panya yeyote, kwa sababu mtoto wa umri huo anaelewa maneno yake. Na vipodozi vikizidi, uso huanza kugeuka kinyago.

Wachekeshaji wenye pua nyekundu wako katikati ya mpaka huo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield uliotangazwa mwaka 2008 uliwahoji watoto zaidi ya 250 wa miaka 4 hadi 16 kuhusu mapambo ya hospitali, na picha za wachekeshaji hao hawakuzipenda. Lakini utafiti wa Italia wa mwaka 2005, wenye watoto 40 waliosubiri kupasuliwa, uliona kwamba waliofuatana na mchekeshaji anayecheza nao, pamoja na mzazi, walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliokuwa na mzazi peke yake. Hakuna mgongano hapo. Picha ukutani haijibu, na mtu anayecheza hujibu.

Yote haya hayaishii California. Familia za Muscat, Mombasa na Dar es Salaam zinazotembelea Warner Bros. World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2018, hukutana na Bugs Bunny mzimamzima. Nairobi na Dar es Salaam wavaa vinyago vya katuni hukodiwa kwa sherehe za kuzaliwa na kusimamishwa milangoni mwa maduka, mara nyingi bila msaidizi na bila mafunzo.

La kufanya ni fupi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu aanze na gwaride, ambako kinyago hupita mbali na hakimfuati. Mzazi amsalimie mhusika kwanza, kwa furaha ya kweli, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine. Kinyago kisisogee, mtoto ndiye asogee, na akikataa ndiyo mwisho wa jambo. Msaidizi aambiwe mapema, maana ishara ya mkono inatosha kumfanya mhusika asimame au apige magoti. Nyumbani, barakoa ya karatasi ya kuvua na kuvaa, mtoto akiishika yeye, huanza kuleta maana kuanzia miaka minne hivi. Kwa sherehe ya mtoto anayetimiza miaka miwili, fedha za kinyago zilipe mpiga ngoma au msimulizi wa hadithi. Hofu ikidumu zaidi ya miezi sita, au ikimnyima mtoto usingizi na kumzuia kutoka nje, aonwe na daktari wa watoto au mwanasaikolojia. Na mzazi aliyekwisha kufika mbele ya foleni, simu mkononi, huku mtoto amemng'ang'ania shingo na kuficha uso, aondoke kwenye foleni hiyo sasa hivi.