Daktari wako wa meno hayupo: umkubali wa muda, usubiri au uhame?

Ukienda kliniki yako ya meno hapa Mesquite, Texas, ukaambiwa daktari wako yuko likizo ya uzazi na kuna mwingine anayemshikia nafasi, usihofu kwanza kuhusu bei. Daktari wa muda analipwa na kliniki, ama kwa siku ama kwa asilimia ya kazi aliyofanya. Wewe kwa kawaida unatozwa bei zilezile za siku zote.

Pa kuangalia ni bima. Kampuni nyingi zinatazama ni nani aliyekutibu, wala si jengo ulimotibiwa. Kama huyu wa muda hayumo kwenye orodha yao, kuziba jino ambako wangelipia asilimia 80 kunaweza kukuangukia kwa sehemu kubwa zaidi. Pigia bima simu mwenyewe, uwatajie jina lake. Neno la mapokezi halitoshi. Jina hilohilo litafute kwenye tovuti ya Texas State Board of Dental Examiners, uone leseni yake bila malipo.

Usiye na bima, dai makadirio ya gharama kwa maandishi. Tangu 2022 sheria ya Marekani inakupa haki hiyo, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga ndani ya siku 120.

Kuhama kliniki kuna gharama yake: uchunguzi mpya na eksirei mpya. Bima nyingi hulipia picha za mdomo mzima mara moja tu kwa miaka 3 hadi 5, kwa hiyo omba nakala za zile za zamani kabla hujaondoka. Ni haki yako. Chuo cha udaktari wa meno cha Texas A&M, Gaston Avenue mjini Dallas, hutoza nafuu kwa sababu wanaotibu ni wanafunzi chini ya walimu wao, ila utakaa kitini kwa saa nyingi. Na kwa kuwa Mesquite haimo katika DART, mtandao wa mabasi na treni wa eneo la Dallas, asiye na gari ahesabu na nauli.

Kwa maoni yangu, jino likiuma au shavu likivimba, mkubali daktari wa muda leo hii. Usaha wa jino haungoji mtu arudi likizo. Kusafisha na kuziba tundu dogo pia havina tatizo. Kwenye taji au daraja la meno ndipo ninaposita, maana hapo mara nyingi unavuka dola 1,000, na likilegea baada ya miezi mitatu aliyelitengeneza ameshaondoka. Uliza nani atalirekebisha na kwa pesa ya nani, wakuandikie. Wakikwepa kuandika, na huna maumivu, msubiri daktari wako.

Na daktari wa muda akikuambia una meno manne mabovu ambayo daktari wako hakuwahi kuyataja, mwambie akuonyeshe kila moja kwenye eksirei, kisha uondoke na nakala ukamwonyeshe daktari mwingine kabla ya kusaini chochote.