Je, Wajua Jiwe la Tangi la Zamani Hubeba Nini?

Anayetaka kuanzisha tangi la matumbawe kwa msaada wa tangi kongwe la mwenzake kwa kawaida hukimbilia maji. Huja na madumu, huyajaza, akarudi nyumbani akiamini amechota uhai wote uliokuwemo. Kumbe amechota sehemu ndogo tu. Kilicho na thamani kimebaki nyuma, kimeng'ang'ania mawe, mchanga na sponji ya chujio. Maziwa mgando hayana shida hiyo: kijiko kimoja cha jana chatosha kugandisha kibuyu kizima, maana bakteria wake wameenea kila mahali. Vijiumbe wanaosafisha tangi la bahari hawaogelei ovyo. Hujishika mahali wakajenga utando, na hapo ndipo wanapoishi.

Mmoja wao alijulikana kwa njia ya kupendeza. Wanasayansi walikwisha kuona, kwa kusoma vinasaba vilivyomo katika maji ya bahari, kwamba kuna ukoo wa vijiumbe waitwao arkea waliojaa baharini, ila namna wanavyoishi ilikuwa fumbo. Mwaka 2005 kundi la watafiti, wakiwemo Martin Könneke na David Stahl wa Chuo Kikuu cha Washington, walichapisha habari kwamba wamefaulu kumkuza mmoja maabara. Hawakumtoa katika kilindi cha bahari. Walimpata kwenye changarawe ya tangi la kitropiki katika Seattle Aquarium, jumba la samaki la mjini Seattle. Wakamwita Nitrosopumilus maritimus. Urefu wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na nguvu za kuishi anazipata kwa kuichoma amonia kwa oksijeni. Jibu kuhusu kiumbe aliyeenea katika bahari zote lilikuwa limetulia chini ya miguu ya watazamaji waliokuja kuangalia samaki.

Amonia ndiyo sumu ya kwanza ya tangi lolote. Samaki huitoa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Katika maji ya bahari, ambayo yana ualikali kidogo, sehemu ya amonia iliyo katika umbo linalochoma matamvua huwa kubwa kuliko katika maji yasiyo na ualikali. Arkea hao na bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti. Wengine, hasa Nitrospira, huipokea nitriti na kuifanya nitrati, ambayo haina ukali huo. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alikwisha kuwatenga bakteria wa kazi hii kutoka udongoni mwaka 1890. Tatizo lao ni uzazi wa polepole. Bakteria wa kawaida wa tumboni, wakiwa na chakula cha kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, lakini hawa huhitaji saa nyingi, wengine siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya lisilo na mbegu huchukua wiki nne hadi sita kabla halijawa salama kwa samaki. Jiwe lililokaa miaka katika tangi zuri huingia na kikosi kamili, na kungoja huko hupungua sana.

Mkazi wa Dodoma asidhani haya ni mambo ya pwani tu. Kazi hiyohiyo inafanyika chini ya mji. Watafiti wa maji ya ardhini wamekuta nitrati nyingi katika baadhi ya visima vya Dodoma na kuihusisha na majitaka ya vyoo na makaro: amonia inazama ardhini, bakteria wa udongo wanaigeuza, nitrati inafuata maji. Kwa sababu hiyo maji ya kisima yasitumike kuchanganyia chumvi ya tangi kabla ya kupitishwa kwenye mashine ya kuchuja kwa utando. Matumbawe hayavumilii nitrati nyingi, na mwani huishangilia.

Jiwe lenyewe lina maajabu zaidi. Nje, penye oksijeni, ndipo amonia inapoliwa. Ndani kabisa ya vitundu vyake oksijeni huisha, na huko huishi bakteria wengine wanaovunja nitrati na kuirudisha hewani kama gesi ya naitrojeni. Dumu la maji haliwezi kukupa hilo.

Sasa safari ya jiwe kutoka pwani hadi Dodoma. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeusogeza mji huu karibu na bahari, mwendo wa saa tatu na ushee. Jiwe lisafiri likiwa limelowa, limefungwa kwa kitambaa au gazeti lililoloweshwa maji ya bahari, lisipigwe na jua. Likikauka, viumbe wake hufa na kuoza, na jiwe lililotakiwa kuondoa amonia huanza kuizalisha.

Likishafika, linakutana na nyanda za juu. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 ambayo pwani yangeshika miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, hapa hushika karibu 6 tu. Vijiumbe wanaokula amonia wanahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo pampu inayokoroga uso wa maji hapa ni ya lazima, na umeme ukikatika usiku wao huathirika pamoja na samaki. Mwezi wa Julai, baridi ya alfajiri inapouma, hita nayo haikwepeki.

Kisha kuna ukame. Hewa ya huku hunyonya maji kwa nguvu, na chumvi haipandi na mvuke. Ziwa Singidani pale Singida lina chumvi kwa sababu hiyo: maji yanaingia, hayana mlango wa kutokea isipokuwa juani. Tangi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita likipoteza lita 20, hufikia karibu gramu 39. Dawa ni kuongeza maji baridi safi kila siku, bila chumvi.

Na jiwe lenyewe litoke tangini kwa mtu, lisibanduliwe mwambani. Miamba ya pwani yetu imeumia vya kutosha kwa uvuvi wa baruti na kwa joto la bahari la mwaka 1998, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tena hakuna haja: tumbawe ni koloni la wanyama, na kipande cha kidole kikikatwa kwenye koloni la tangini na kugundishwa juu ya jiwe jipya, hukua kikawa koloni jingine.

Kabla ya kulitumbukiza, likague kwa tochi usiku. Anemoni wadogo wa Aiptasia hujificha kwenye vitundu, na ukiingiza mmoja, baada ya miezi watakuwa wengi. Halafu pima amonia, weka samaki mmoja mdogo, mlishe kidogo, pima tena. Kikosi cha jiwe kina ukubwa wa chakula kilichokuwa kikikipata kule kilikotoka; kipe muda kiongezeke kabla hujaleta samaki wa pili.