Sinema ya Idi Amin: Waliocheka na Walionyamaza

Katika mwezi wa Februari, mwaka wa 2007, watu wa Kampala walipata nafasi ya kumtazama tena Idi Amin Dada. Marehemu huyo alikuwa amekwisha kuzikwa kule Jeddah tangu mwaka wa 2003, na huyu waliyemwona hakuwa yeye, bali Mmarekani mweusi aitwaye Forest Whitaker, aliyevaa sare ya jeshi na nishani tele kifuani katika picha iitwayo The Last King of Scotland, yaani Mfalme wa Mwisho wa Uskoti. Picha hiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa Ulaya na Marekani, lakini Bwana Whitaker alisafiri hadi Kampala ili awepo itakapoonyeshwa mbele ya wenyeji. Siku chache baadaye, tarehe 25 ya mwezi huo huo, alipewa tuzo ya Oscar kwa mchezo wake.

Wenye kukumbuka tarehe walikuwa na jambo jingine moyoni. Tarehe 16 Februari 1977, yaani miaka 30 kabla, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na Serikali ya Amin ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya motokaa. Katika makanisa ya Uganda siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Kwa hiyo walikuwako watu waliotoka kumwombea Askofu Mkuu, na katika juma lile lile wakasikia kwamba aliyetawala siku alipouawa anaonyeshwa mjini kwa kiingilio.

Watazamaji wenyewe walikuwa wa namna mbili, nao walikaa pamoja gizani. Kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2002, karibu nusu ya watu wa Uganda walikuwa watoto wasiotimiza miaka 15. Vijana hawa Amin kwao ni hadithi, kama vile zimwi ni hadithi. Lakini mtu aliyekuwa na miaka 20 Wahindi walipofukuzwa mwaka wa 1972, alikuwa na miaka 55 tu wakati wa sinema hii. Huyo hakuhitaji kuelezwa jengo la Nakasero lilikuwa la kazi gani. Tena picha ilipigwa Uganda kwenyewe mwaka wa 2005, kwa ruhusa na msaada wa Serikali, na katika umati unaoonekana ukishangilia wamo raia wa kawaida. Mchezaji anayemwigiza Masanga, yule mtesaji, ni Abby Mukiibi, mtu ambaye wapenzi wa michezo ya jukwaani Kampala walimjua siku nyingi. Na Waziri Jonah Wasswa anaigizwa na Stephen Rwangyezi, mwenye kundi la ngoma la Ndere. Si jambo jepesi kuwaona watu wa mtaani kwenu katika mambo kama yale.

Basi katika nusu ya kwanza ya picha hii watu hucheka, na hucheka kweli. Amin anaingia kijijini, anacheza ngoma, anawaambia watu kwamba ingawa amevaa sare ya jenerali yeye ni mtu maskini kama wao, anabadilishana shati na Mskoti kijana, daktari Nicholas Garrigan, anatania, anakumbatia. Wengine wamelaumu kwamba hapo sinema imempamba mtu mwovu. Lawama hiyo haina nguvu sana. Tarehe 25 Januari 1971, jeshi lilipompindua Dr. Milton Obote, barabara za Kampala zilijaa watu wenye kushangilia na kukata matawi ya miti. Wafungwa wa siasa walifunguliwa, na mwili wa Kabaka Mutesa, aliyefia London mwaka wa 1969, ukarudishwa nyumbani ukazikwa kwa heshima. Kijana wa mwaka wa 2007 aliyemcheka Amin kwa furaha kwa muda wa saa nzima, kisha kicheko kikamkwama kooni, alipita njia ile ile waliyopita baba zake, ila yeye aliipita kwa jioni moja nao kwa miaka minane.

Liko jambo la lugha ambalo waandishi wa Ulaya hawakulitia maanani. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hii, na wengi walimsifu kwa kupatia sauti na matamshi ya Amin. Mkenya au Mtanzania akisikia Kiswahili katika sinema ya wageni hufurahi, kwa kuwa ni lugha yake ya sokoni na ya shuleni. Lakini kwa mtu mzima wa Buganda hali ilikuwa tofauti kabisa. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, lugha ya kizuizi cha barabarani usiku, lugha ambayo mtu aliamriwa ashuke garini na kulala kifudifudi. Amin ndiye aliyetangaza mwaka wa 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Hata alipokwisha kuondoka, misako ya askari ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 mjini Kampala iliitwa "panda gari", maneno mawili ambayo kwetu ni ya utingo wa basi. Mtu akitaka kujua kwa nini lugha hii ilichelewa kupendwa kule, na asikie maneno hayo kwa masikio ya mwenye kupandishwa.

Na huyo daktari Garrigan hakupata kuwako. Alibuniwa na Bwana Giles Foden katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1998, naye mwongozaji wa sinema, Bwana Kevin Macdonald, akamweka mbele ya kila jambo. Malalamiko yaliyosikika sana kwa Waafrika ni hayo: msiba wa nchi nzima unasimuliwa kwa macho ya mgeni mmoja, nao wenye msiba wamekuwa pazia la nyuma. Ubaya wa jambo hili waonekana zaidi katika habari ya Kay, mke wa Amin. Katika sinema Kay anapata mimba ya huyo Mskoti, na kwa sababu hiyo anauawa na mwili wake unakatwakatwa, kisha unaunganishwa kwa namna ya kutisha. Ukweli ni kwamba Kay Adroa, binti wa mtumishi wa Kanisa, alikufa mwaka wa 1974, miezi michache baada ya kupewa talaka, na mwili wake ulionekana umekatwa vipande ndani ya motokaa ya daktari Mganda, ambaye naye alikuwa amejiua. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo na ambaye baadaye aliikimbia nchi, aliandika kwamba mwili ulishonwa ili watoto wake waletwe kuuona. Watu wengi waliamini kwamba daktari yule alikuwa akijaribu kuitoa mimba. Mambo haya peke yake yatosha kumwumiza mtu. Kumletea marehemu mpenzi wa kubuni ni kuuchezea msiba wa watoto walio hai. Mmoja wa wana wa Amin, Bwana Jaffar, alisema hadharani kwamba sinema hii haikumtendea haki baba yake. Mtu aweza kuyakataa mengi ayasemayo mwana huyo juu ya baba yake, na ni wajibu kuyakataa, lakini katika jambo hili la Kay alikuwa na haki ya kukasirika.

Wapo na watazamaji wengine wasiosemwa sana, nao ni watu wa Nile Magharibi, mkoa ambao ukoo wa Amin ulitoka. Idadi ya waliouawa katika utawala wake hutajwa mara nyingi kuwa hadi 300,000; wengine hutaja pungufu. Miongoni mwao walikuwako Waacholi na Walangi wengi, hasa askari, na pia watu wa kila kabila. Lakini Amin alipoanguka mwaka wa 1979, waliolipa deni lake ni pamoja na wakulima wa Arua na Koboko ambao hawakupata kuiona Nakasero. Makumi ya maelfu walikimbilia Sudan na Zaire kwa kuogopa kisasi cha majeshi yaliyofuata. Mtu wa huko akiingia katika sinema, na jirani yake gizani akamlaani Amin, hana budi kujiuliza kama anayelaaniwa ni yule mmoja tu.

Wahindi waliopewa siku 90 kuondoka mwaka wa 1972, ambao wengi wao walihamia Uingereza na kuanza maisha upya katika miji kama Leicester, waliona kwamba jambo lao limepitiwa upesi mno. Ndivyo lilivyo. Nao wapo Waganda ambao hata leo husema kwamba Amin ndiye aliyewapa Waafrika maduka. Hawasemi sana habari ya maduka hayo kubaki bila sukari, sabuni wala chumvi. Watanzania kwa upande wao huuliza vita viko wapi, kwa sababu hadithi inaishia na ndege ya Entebbe mwaka wa 1976, na askari waliovuka Kagera wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 hawaonekani.

Amin mwenyewe hakuweza kuiona sinema ya Whitaker. Lakini alipata kuwa mtazamaji wa picha yake, na habari hiyo ni ya ajabu kuliko sinema zote.

Mwaka wa 1974 Bwana Barbet Schroeder alikuja Uganda kutoka Ufaransa, akampiga picha Amin kwa idhini yake. Amin alijiona ndiye mwongozaji. Alipanga vita vya mchezo vya kuiteka milima ya Golan, alishindana kuogelea, naye bila shaka akashinda, akapanda mashua katika Mto Nile akazungumza na tembo na mamba, akapiga kodiani. Katika mkutano wa mawaziri anaonekana akimkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Baada ya muda mfupi mwili wa Ondoga ulionekana katika Mto Nile. Yapo pia mazungumzo yake na madaktari, ambamo hapigwi mtu wala hatukanwi mtu. Macho yake tu yanahama kutoka huku kwenda huku, na mtazamaji hujikuta amekaa wima kitini.

Amin alipelekewa picha fupi ya saa moja, akapendezwa nayo. Ile ndefu ndiyo iliyoonyeshwa Ulaya. Aliposikia kwamba watu wa London wanaicheka, alituma watu wake wakakaa katika ukumbi wa sinema na kuandika kila neno lisemwalo. Kisha akataka sehemu fulani zikatwe. Schroeder alikataa. Ndipo Amin alipowakusanya Wafaransa wapatao 200 waliokuwa wakikaa Uganda, akawaweka hotelini, akawapa namba ya simu ya Bwana Schroeder ili wamwombe wenyewe. Schroeder akakata dakika mbili na nusu. Dakika hizo zilirudishwa baada ya Amin kupinduliwa.

Mwaka wa 1976, Wamarekani walipokuwa wakitengeneza picha ya uvamizi wa Entebbe, mchezaji Godfrey Cambridge aliyekuwa aigize nafasi ya Amin alikufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo wakiwa kazini. Amin alisema ni adhabu ya Mungu.

Kwetu Kenya, Amin aliyejulikana zaidi katika sinema hakuwa Whitaker, bali Joseph Olita, mtu wa Siaya, aliyeigiza katika Rise and Fall of Idi Amin ya Bwana Sharad Patel mwaka wa 1981. Wakenya walikuwa na sababu zao za kuitazama picha ile. Mwaka wa 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda, na baada ya Entebbe Wakenya waliokuwa kule waliuawa kwa kisasi. Tena wazee wa Keya walimkumbuka mwenzao wa zamani, maana Amin alitumika Kenya katika jeshi lile siku za Mau Mau. Picha ya Patel haina adabu nyingi: vichwa vya watu ndani ya friji, Amin akila nyama ya binadamu, mambo ambayo hayakupata kuthibitishwa. Olita hata hivyo alifanana na Amin mno, kwa umbo na kwa uso, hata jina lile likamganda barabarani, naye akarudia kumwigiza katika Mississippi Masala mwaka wa 1991. Katika picha ya Patel yumo pia Mwingereza Denis Hills, mwalimu aliyehukumiwa kufa na Amin mwaka wa 1975 kisha akaachiliwa; humo anajiigiza mwenyewe. Olita alifariki mwaka wa 2014.

Mwaka mmoja baadaye, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, lilifunguliwa kabati lenye picha za negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa Serikali, nyingi zikiwa za siku za Amin. Baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Kampala mwaka wa 2019, na watu walikuja kuzitazama, wakiwamo ndugu wa waliouawa na watu wa ukoo wa Amin pia. Katika picha hizo Amin anacheza ngoma, anawapa watu mikono, anacheka. Na pembeni mwake wamesimama watu waliovaa nguo zao nzuri. Ya Nakasero haikuonekana hata moja.