Kamba, Nguzo na Hofu ya Farasi

Baadhi ya ajali mbaya kabisa za farasi hutokea akiwa hajaenda popote. Amefungwa kwenye nguzo, anapigwa brashi au anangoja kutandikwa, mara mfuko wa plastiki unapeperuka nyuma yake. Anarusha kichwa juu na kurudi nyuma. Kamba inakaza, ukanda wa hatamu unambana kisogoni, na kule kubanwa kunamtisha kuliko mfuko wenyewe. Sasa anavuta kwa uzito wake wote, ambao kwa farasi wa kawaida wa kupandwa hufika kilo 500 hivi. Lazima kitu kiachie: kamba, bizimu, au ubao aliofungwa. Kikiachia ghafla anaweza kuanguka chali na kupasuka fuvu. Kisipoachia, shingo ndiyo huumia.

Wapo wanaouita huo ukaidi. Lakini farasi ni mnyama wa nyika iliyo wazi, na kizazi baada ya kizazi amesalimika kwa mbio zake. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu nyuzi 350 kati ya 360, akikosa tu ukanda mwembamba nyuma ya mkia na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Ukimfunga kichwa, hawezi kugeuka akakitazama vizuri kilichomshtua, wala kukikimbia. Tena silika yake akibanwa ni kushindana na kinachombana. Kusimama kambani kwa utulivu ni kwenda kinyume cha silika hiyo, na hakuna farasi anayezaliwa akijua.

Somo huanza kabla nguzo haijahusika. Saisi hushika kamba mkononi, huivuta mbele kidogo, kisha hungoja bila kuongeza nguvu. Farasi atainua kichwa, atajaribu kurudi, atayumba kando. Hatimaye ataegemeza uzito mbele, pengine hata ukwato haujanyanyuka. Papo hapo kamba ilegezwe. Kinachomfundisha farasi ni kule kulegea; mvuto ni swali tu. Saisi akichelewa sekunde mbili tatu, farasi ameshafanya jambo jingine, labda ametupa kichwa, na hilo ndilo atakaloamini kwamba limemletea nafuu. Ndiyo maana mwenye mkono mzito huharibu farasi hata kama ana moyo mwema.

Hatua inayofuata, kamba huzungushwa nguzoni bila kupigwa fundo, ncha yake ikabaki mkononi. Farasi akirudi nyuma, kamba huteleza kwa msuguano, ikambana kiasi bila kumnasa. Akipiga hatua moja mbele, anapata nafuu. Fundo huja baadaye, na mwanzoni kwa dakika chache, farasi mwenzake akiwa karibu, maana upweke peke yake unatosha kumtia wasiwasi mnyama wa kundi.

Je, si rahisi zaidi kumwonyesha vitu vya kutisha mpaka avizoee? Mwaka 2006 mtafiti Janne Winther Christensen na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Denmark kwa madume 27 ya umri wa miaka miwili. Kitisho kilikuwa mfuko mweupe wa nailoni unaochezacheza. Kundi moja lilikutana nao mzima mzima tangu mwanzo, jingine liliuzoea kidogo kidogo, na la tatu lilifundishwa kuuhusisha na chakula. Katika kundi la kidogo kidogo farasi wote walitulia mwishowe. Katika makundi mengine mawili wapo walioshindwa. Wanaotundika majani makavu mbele ya farasi wakadhani somo limekwisha wangefaa kulisoma jaribio hilo.

Halafu kuna ile mbinu ya zamani: mfunge kwenye mti imara, umwache kwa saa nyingi mpaka achoke kupigana. Atasimama, ndiyo. Swali ni amesimamaje. Farasi aliyetulia hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, mdomo wa chini umelegea, masikio yanazunguka kufuata sauti. Mwaka 2012 Carole Fureix na wenzake nchini Ufaransa walieleza hali nyingine waliyoikuta kwa farasi wa shule za upandaji: shingo sambamba na mgongo, macho yamekodolea mahali pamoja, masikio hayasogei. Farasi hao hawakujali sana walipoguswa, na hata kotisoli, homoni ya msongo, ilikuwa chini katika damu yao. Lakini walipokabiliwa na jambo gumu wasilolizoea, walihamaki kuliko wenzao. Mtu asiyejua angewaita wapole. Mimi singesimama nyuma yao.

Utulivu wa mshika kamba nao una hesabu yake. Huko Uswidi, Linda Keeling na wenzake walipima mapigo ya moyo ya watu na ya farasi waliokuwa wakiongozwa au kupandwa. Watu waliambiwa kwamba katika mzunguko wa nne mwavuli ungefunguliwa kumshtua farasi. Mapigo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia. Mwavuli haukufunguliwa.

Kuhusu kufunga kwenyewe: iwe usawa wa mabega ya farasi au juu zaidi, kamba fupi kiasi kwamba mguu hauwezi kuivuka, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kamwe isifungwe kwenye lijamu, maana itampasua kinywa. Wengi huweka kitanzi cha uzi wa mkonge kati ya kamba na nguzo ili kikatike hatari ikija. (Uzi wa plastiki wa siku hizi haukatiki kirahisi, mkonge wa Tanga bado una sifa yake hapo.) Wapinzani husema farasi akikata mara moja atarudia, na wana hoja: tuzo inayokuja mara mojamoja hukomaza tabia kuliko inayokuja kila mara. Hata hivyo naona heri farasi mwenye tabia mbaya kuliko aliyevunjika shingo, na aliyefundwa kusogea mbele ni nadra kufika huko.

Linabaki suala la kufungua. Farasi akianza kuparapara chini kwa ukwato, wengi humkimbilia, ama kumkaripia ama kumfungua, na vyote viwili humlipa kwa fujo yake. Ngoja ukwato utulie, hata kwa pumzi moja, ndipo uliendee fundo.