Mwano na Kihisi

Katika nchi ya Usukuma, na Tinde ni sehemu yake, wito wa hatari huitwa mwano. Ausikiaye hana budi kuupokea, kuupeleka mbele na kukimbilia ulikotoka. Sungusungu, walinzi wa jadi waliotokea mkoani Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliukaza wajibu huo: asiyeitika alitozwa faini au alitengwa.

Siku hizi viko vifaa vidogo, vivaliwavyo mkononi au shingoni, vilivyokusudiwa kazi iyo hiyo. Ndani yake mna kihisi, yaani chombo kipimacho mabadiliko ya ghafula ya mwendo wa mwili. Mtu akianguka kisha akatulia, kifaa hupeleka habari kwa njia ya simu, hata kama mwenyewe hawezi kunena. Faida yake kwa mzee akaaye peke yake ni dhahiri.

Lakini kifaa hakijui kuanguka ni nini. Chajua yale tu kilichofundishwa. Kikifundishwa kwa miendo ya wazee wa miji ya Ulaya, chaweza kumdhania bibi apigaye magoti kusalimu, au ainamaye na jembe, kuwa ameanguka. Kikiita bure mara kwa mara, majirani wataacha kuitika, na siku ya hatari ya kweli hatakuja mtu.

Kwa hiyo yafaa mtumiaji ashirikishwe tangu mwanzo. Huko Norwei, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu Kristen Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wenye kazi wapate sauti juu ya mashine watakazotumia. Kwa Tinde, maana yake ni kumwuliza bibi mwenyewe. Je, habari imfikie nani kwanza: mwanawe aliye machimboni Geita, au jirani? Ije kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, kwa sauti au kwa maandishi? Ataizuiaje akiwa amejikwaa tu? Katika mkoa ambamo vikongwe wengi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, pengine jamaa zao wakihusika, swali la nani aitwe si dogo. Na ajuaye jibu lake ni bibi, wala si fundi.

Sisi wa elimu ya lugha twajua kwamba ishara hupata maana kwa mapatano ya mtoaji na mpokeaji. Mwano una mapatano hayo. Kifaa kipya hakina budi kuyatafuta kabla hakijaundwa.