Haki ya Jirani Baada ya Upepo

 

Sisi tukaao Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu katika Mkoa wa Shinyanga, twaujua upepo vizuri. Nchi yetu ni tambarare, mashamba ya pamba na mtama yameenea hata upeo wa macho, na miti ni michache. Mvua zetu huanza aghalabu mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au Mei, na mara nyingi kabla ya mvua kubwa hutangulia upepo wenye vumbi jekundu, ukafuatiwa na ngurumo, kisha mvua ya mawe. Watoto hukimbilia ndani, wanawake huanua nguo, na kila mwenye nyumba hutazama paa lake na kumwomba Mwenyezi Mungu. Lakini khabari tunayotaka kuwaeleza leo si ya upepo wenyewe, kwani upepo hupita upesi. Twataka kusema juu ya siku zinazofuata, wakati mtu mmoja hana paa na jirani yake analo.

Wengi wetu hatujausahau msiba wa Mwakata. Usiku wa Jumanne, tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo mkali iliiangukia kata ya Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa wetu huu huu. Nyumba nyingi za huko zilikuwa za matofali mabichi ya udongo. Maji yalizilainisha kuta, upepo ukaangusha mapaa, na kuta zikawaangukia watu waliokuwa wamelala. Watu zaidi ya 40 walifariki dunia, wakiwamo watoto wengi. Wengine makumi walijeruhiwa na kupelekwa hospitali mjini Kahama. Mifugo ilikufa na mazao yakalala chini. Rais wa wakati huo, Jakaya Mrisho Kikwete, alifika Mwakata mwezi huo huo kuwapa pole wafiwa. Lakini kabla ya kiongozi yeyote kufika, mikono ya kwanza iliyofukua udongo gizani ilikuwa mikono ya majirani. Hivyo ndivyo ilivyo katika kila msiba wa namna hii: serikali huja asubuhi, lakini jirani yupo tangu usiku.

Wala si sisi wa bara peke yetu tuliojaribiwa. Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati ule ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi kuliko Unguja. Tarehe 15 Aprili 1952, siku ile ile baada ya miaka 80, kimbunga kingine kilifika Lindi. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikaribia pwani yetu upande wa Mafia. Basi upepo haubagui pwani wala bara, tajiri wala maskini.

Hapa twapenda kutahadharisha jambo moja. Kila unapotokea msiba, hawakosi watu wa kusema kwamba waliopatwa walikuwa na dhambi. Kweli, twawafundisha watoto wetu khabari ya kaumu ya Aad walioangamizwa kwa upepo. Lakini watoto hao hao twawafundisha kuwa katika Vita vya Handaki upepo ulikuwa msaada kwa Waislamu. Upepo ni askari wa Mola wetu, naye peke yake ndiye ajuaye amemtuma kwa nini. Ni nani katika sisi aliyepewa ufunuo wa kusema kwamba mtoto mchanga aliyelala Mwakata alikuwa na kosa? Na vibaya zaidi ni wale wanaokwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyeuleta upepo. Katika nchi yetu ya Usukuma, bibi vizee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, pengine kwa sababu tu ya macho mekundu, nayo macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizotupikia sisi miaka mingi. Kijana Mwislamu akisikia maneno ya namna hiyo baada ya msiba, asinyamaze. Na amwendee yule bibi, aketi mlangoni pake mchana kweupe, watu wote wamwone.

Sasa tutawasimulia yaliyotupata sisi wenyewe, ingawa khabari hii haitupi sifa.

Miaka michache baada ya msiba wa Mwakata, upepo mkali ulipita mtaani kwetu baada ya sala ya Isha. Haukudumu nusu saa. Hakufa mtu, alhamdulillahi, lakini nyumba kadhaa zilibaki bila paa, na chuo chetu kilikuwa mojawapo. Kulipokucha, mabati yalikuwa yametapakaa mashambani, mengine yamekunjwa kama karatasi, mengine yamenasa katika michongoma. Tulihesabu mabati 14 yaliyoondoka. Manane tuliyaokota wenyewe. Sita tuliyaona kwa macho yetu juu ya jiko la jirani yetu mmoja Msukuma, asiye Mwislamu, ameyagongelea misumari mapema alfajiri.

Tulighadhibika. Mabati yale yalinunuliwa kwa michango ya wazazi, shilingi kwa shilingi, nasi tuliona kama tumeibiwa. Tuliwatuma vijana wawili wakubwa wa chuo wakayadai, na maneno tuliyowatuma nayo yalikuwa makali. Vijana walirudi mikono mitupu, nyuso zimewainamia. Tukaenda wenyewe. Mlangoni tulimkuta mama mzazi wa yule jirani, bibi wa makamo ya kutuzaa. Tulisahau hata kumwamkia. Yeye ndiye aliyetuamkia, "Mwangaluka, Mwalimu," kisha akatwambia kwa upole, "Nyumba yetu kubwa imekwisha. Humu jikoni amelala mke wa mwanangu na mtoto wa siku tatu. Mabati haya tuliyakuta uani, hatukujua ni ya nani. Kama ni yako, ngoja mwanangu arudi, ayashushe."

Ndugu zetu, sisi tunaofundisha haki za jirani kila wiki tulisimama pale tukakosa la kusema. Tulikuwa hatujauliza hata kama wao ni wazima.

Hata hivyo, haki nayo ni haki, na haifai kuifunika kwa huruma tu. Wanavyuoni wa fiqhi wanapoeleza amana, mfano wao mashuhuri ni huu hasa: nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia nyumbani mwa mtu. Nguo ile haikuwa mali yake kwa kuwa imeanguka kwake. Ni amana mkononi mwake, na yampasa amjulishe mwenyewe au amrudishie. Na kitu cha thamani kilichookotwa njiani, mwenyewe asijulikane, hutangazwa mwaka mzima. Basi bati la jirani lililoanguka uani kwako si riziki iliyoshuka kutoka mbinguni, hata kama wewe nawe huna paa. Lakini na mwenye bati naye ana wajibu wake, nao ni kudai kwa adabu na kutazama hali ya yule anayedaiwa.

Siku ile ile tulimwendea mwenyekiti wa mtaa, naye akawaita watu wote chini ya mti mkubwa, Waislamu kwa Wakristo na wasiokuwa na dini hizi mbili. Tulikubaliana mambo matatu. La kwanza, kila aliyeokota bati alilete uwanjani au aseme liko wapi. La pili, kila mtu atambue lake kwa alama: matundu ya misumari, rangi, kutu, au unene wake, kwani bati la geji 28 na la geji 30 hayafanani mkononi. Yasiyotambuliwa yakae kwa mwenyekiti na kutangazwa. La tatu, mafundi na vijana waanze kuezeka nyumba zenye wazee, wagonjwa na watoto wachanga, hata kama mwenye nyumba hana cha kuwalipa.

Mabati sita ya chuo hayakuwa mali yetu hata tuyatoe au tuyaazime kwa hiari yetu. Kwa hivyo tuliwakusanya wazazi waliochanga, tukawaeleza yote, pamoja na ukali wetu. Wachache walinung'unika, wakasema kwamba watoto wao watanyeshewa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Mzazi mmoja, mwanamke muuza vitumbua sokoni, alisema kwamba watoto wa chuo wana miguu ya kukimbilia nyumbani mvua ikija, na yule wa siku tatu hana. Baada ya hapo hakuna aliyepinga. Mabati yakaazimwa mbele ya mashahidi, na sisi tukasomesha chini ya mwarobaini kwa miezi mitatu. Mvua ikinyesha tulifunga misahafu katika mifuko ya nailoni tukaondoka.

Jirani yetu alipouza pamba yake aliyarudisha mabati sita. Mawili yalikuwa yamepinda, naye akaleta mawili mapya badala yake, ingawa hatukumdai. Akaja na ndugu zake wawili kutusaidia kuezeka. Tulimwomba radhi mbele ya wanafunzi, kwa kuwa mbele ya wanafunzi ndiko tulikomtendea kosa. Hatusemi kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Mjane mmoja wa mtaa ule hakuyaona mabati yake matatu hata leo, na yupo ajuaye yalikopelekwa. Mtu huyo na akumbuke kwamba amana ile ingali shingoni mwake.

Katika yaliyotupata tumejifunza mengine ambayo twaona yatazifaa nyumba zenu.

Wiki ya kwanza kila mtu huleta ugali na pole. Mwezi wa pili hakuna abishaye hodi, na hapo ndipo shida huwa kubwa, kwani akiba imeliwa, mahindi yaliyolowa yameota ukungu, na ada ya fundi imekuwa deni. Basi sadaka yako igawe. Nusu itoe leo, na nusu iweke uipeleke baada ya siku 40. Waulize wenye msiba wanahitaji nini, usiwapelekee ulichochoka nacho. Mtu mwenye nguo tatu zilizolowa huenda hahitaji ya nne, bali kilo mbili za misumari.

Tena, kumtegemea Mungu hakuondoi wajibu wa kufunga ngamia. Fundi wetu alitueleza kwamba upepo haulisukumi paa kutoka juu, bali hulinyanyua kutoka chini. Huingia madirishani na chini ya upenu mrefu, na huku upepo upitao juu ukilivuta paa. Kwa hivyo kenchi zifungwe kwa waya madhubuti mpaka ndani ya ukuta, zisiwekwe juu yake tu. Papi zisiwe mbali mbali. Na misumari iwe misumari ya bati hasa, iongezwe kingoni na kwenye kofia ya paa, maana huko ndiko upepo unakoanzia. Mawe na matairi tunayoweka juu ya mabati hayatoshi, nayo yakiruka huwa hatari kwa wapitao. Ukuta wa udongo upigwe lipu na uwe na msingi wa mawe, usinywe maji. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari redioni, tusiicheke. Usiku huo watoto wasilazwe kando ya ukuta mbovu. Wapelekwe kwa jirani mwenye nyumba imara, naye asiwanyime mlango.

Mwisho ni miti. Wazee wetu walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa na kuhifadhiwa, ambamo miti iliota yenyewe. Kisha misitu ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza kwa kupigana na mbung'o, baadaye kwa mashamba ya pamba na kuni, hata nchi ikawa wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, na watu wakarudishia ngitili zao maelfu na maelfu ya hekta. Safu ya miti upande upepo unakotokea huupunguza nguvu kabla haujafika nyumbani. Kupanda mti ni sadaka, nao humkinga aliyeupanda na asiyeupanda. Chuoni kwetu kila mwanafunzi anayekhitimu juzuu yake ya kwanza hupanda mche mmoja na kuumwagilia mpaka mvua zije. Wa kwanza kabisa tuliupanda mpakani, baina yetu na yule jirani. Mtoto aliyekuwa wa siku tatu usiku ule sasa hucheza chini yake, na kwa umri wake twatumaini kwamba amekwisha sahau kwamba aliwahi kulala chini ya mabati ya chuo. Sisi ndio tusiopaswa kusahau.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki Mwakata na kwingineko, azilinde nyumba zetu, na atujaalie tuwe majirani wema kabla ya upepo na baada yake. Wabillahi tawfiq.