Jumamosi tu

Daftari lenyewe ni la kawaida: la mistari, jalada gumu la bluu, kona zimelika kwa kushikwashikwa. Nililikuta juu ya meza ya mapokezi, kati ya kengele ya shaba na sanamu ya Mtakatifu Yosefu, jioni niliyofika kwenye nyumba ya wageni ya masista katika kilima cha Aventino, Roma. Lilikuwa wazi. Mimi na maandishi yaliyoachwa wazi hatujawahi kupitana bila kusalimiana, nikainama. Kilichonishtua ni kwamba nilielewa kila neno. Lilikuwa la Kiswahili.

"Wanaita watu mlangoni. Usimtume mtu." Mstari wa chini yake: "Samaki hana bei. Aulize kwanza." Wa tatu: "Wamekula kimya. Pazuri." Na mwisho wa ukurasa, mbele ya jina la mtaa wa Testaccio, maneno mawili yaliyopigiwa mstari mara mbili: "Jumamosi tu."

"Tumsifu Yesu Kristo," sauti ikasema nyuma yangu, na daftari likafungwa.

"Milele amina, Sista."

Nilikuwa nimekuja kwa mkutano wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambao sitausimulia hapa kwa sababu nina huruma na msomaji. (Jengo la FAO, kwa asiyejua, lilianza kujengwa liwe wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika, na mbele yake ulisimama mnara wa Axum uliotekwa Ethiopia, mpaka ulipong'olewa 2003 na kurudishwa kwao 2005.) Kwa siku nne nilikaa ukumbini nikisikiliza hotuba za chakula, huku kichwani nina swali moja tu: Jumamosi kuna nini?

Sista ameomba nisitaje jina lake wala shirika lake. "Mama mkuu anasoma magazeti," alisema. Ni mtu wa Kilimanjaro, miaka sitini na ushee, na Roma ameizoea kama mtu anavyozoea mkwe mgumu. Alianzia jikoni akimenya vitunguu, ndipo akapewa mapokezi. Kazi yake sasa ni kutoa funguo, kuandikisha pasipoti za wageni kwa ajili ya polisi, na kujibu swali lile lile kila jioni: tukale wapi?

"Mwanzoni nilikuwa nawatuma popote," aliniambia usiku wa tatu, alipoona sitachoka kuuliza. "Wakirudi nawauliza, mmekula vizuri? Vizuri sana, Sista. Kila mtu, vizuri sana. Nikaja kugundua, mwanangu, kwamba usiku mtu hasemi kweli. Divai iko kichwani, hela imeshatoka, nani atakubali kwamba amepigwa? Kweli inakuja asubuhi, kwenye kahawa. Nauliza tena, taratibu. Hapo mmoja anaanza: tuliletewa maji ambayo hatukuagiza. Mwingine anakaa, anakata mkate, anatabasamu peke yake. Huyo wa mkate ndiye ninayemwandika."

Nikamwuliza kwa nini kwa Kiswahili. Akacheka mpaka akashika meza. Masista wenzake ni Waitaliano, Wahindi na Wafilipino. Wahudumu wa mikahawa ya jirani nao hupita kuleta kadi zao, wakitaka kujua wamesemwaje. "Kiswahili ndiyo kufuli yangu. Haikunigharimu hata senti."

Daftari lina safu tano zilizochorwa kwa rula: tarehe, mahali, walichokula, walichosema asubuhi, na ya mwisho, nyembamba, "aliyepika." Nyota hakuna. Simu yangu ilikuwa na orodha ya mikahawa 18 niliyoikusanya kabla ya safari, yote ina nyota nne na nusu kwenda juu. Akaisoma kwa miwani yake na kuifuta mmoja baada ya mwingine. Huyu ana picha za chakula ukutani. Huyu ana menyu ya lugha saba, "mpishi mmoja hawezi kuwa na mdomo wa lugha saba." Huyu anafungua jioni saa kumi na moja, wakati hakuna Mroma aliyeanza hata kuwaza chakula. Hapa samaki huuzwa kwa gramu 100, bei imeandikwa kwa herufi za sisimizi, na mgeni huagiza samaki mzima akidhani bei ni ya samaki. Ikabaki miwili. Kati ya hiyo, mmoja mpishi wake alikuwa amestaafu.

"Hapo nimeweka alama ya msalaba," alisema. "Mahali hufa na mpishi wake. Jina la mlangoni linabaki tu."

Na Jumamosi, Sista?

"Nenda Jumamosi."

Nikaenda. Kutoka Aventino hadi Testaccio ni mwendo wa kuteremka, robo saa hivi, ukipita mabomba ya umma yanayotiririka mchana na usiku, ambayo Waroma wanayaita mapua makubwa kwa sura ya midomo yake. Maji ni salama na ni bure. Ukijaza chupa hapo umeokoa hela ya mkate.

Testaccio ilikuwa mitaa ya wachinjaji. Machinjio yake yalijengwa kati ya 1888 na 1891 kwa michoro ya Gioacchino Ersoch, yakafungwa 1975. Juu ya lango bado kuna sanamu ya kiumbe mwenye mabawa akimlaza fahali chini kwa pembe. Ndani leo kuna kumbi za maonyesho na wanafunzi wa usanifu majengo, lakini reli za juu na kulabu walizoziacha ukiziona unasikia sauti. Aliyewahi kupita machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, alfajiri atajua ni sauti gani.

Ng'ombe hupasuliwa robo nne. Kile ambacho si robo yoyote, yaani utumbo, mkia, moyo, mapafu, wengu, kongosho, kichwa na miguu, Waroma wamekipa jina ambalo nalihusudu kama mwandishi: robo ya tano. Wachinjaji walilipwa sehemu ya ujira wao kwa robo hiyo. Wakaibeba nyumbani, au kwa mwenye kilabu cha divai kando ya lango, na kutoka kwenye vyungu vya huko ndipo mapishi yanayotajwa leo kama fahari ya Roma yalipozaliwa. Checchino, mkahawa unaoringia mwaka wake wa 1887 kwenye jina lenyewe, uko ng'ambo ya barabara kutoka kwenye machinjio. Mkia wao wa ng'ombe huchemka kwa saa nyingi na nyanya na figili nyingi, na baadhi ya wapishi humalizia kwa kakao kidogo. Na utumbo una siku yake. Alhamisi ni ya vidonge vya viazi na unga wanavyoviita gnocchi, ushibe kwa sababu kesho hakuna nyama. Ijumaa ni ya samaki. Jumamosi ni ya utumbo. Wazee wanasema ng'ombe walichinjwa kwa ajili ya nyama ya Jumapili, na utumbo haungoji mtu.

Basi lile ndilo fumbo la daftari. Nilikaribia kuona aibu kwa urahisi wake, mpaka nilipoingia ndani.

Mkahawa alionielekeza Sista umechimbwa kwenye ubavu wa kilima. Ukuta wa nyuma ni kioo, na nyuma ya kioo kuna kilima chenyewe. Nilidhani ni mawe yaliyopangwa. Nikasogea. Ni vigae. Vigae vya mitungi, kimoja juu ya kingine, rangi ya udongo mwekundu na ya mchanga, vimelala kama kurasa za kitabu kilichofungwa vibaya. Kuna mahali mkono wa mtungi umejitokeza, mzima, umepinda vizuri kiasi kwamba vidole vyangu vilijikunja vyenyewe kuushika. Monte Testaccio ina urefu wa mita 35 hivi, na si kilima hata kidogo, ni jalala. Mitungi ya mafuta ya zeituni iliyokuja kwa meli kutoka Hispania, Libya na Tunisia ya leo, katika karne za kwanza baada ya Kristo, ilifika bandari ya mto Tiber, mafuta yakamiminwa, na mtungi ukavunjwa. Mafuta hunyonywa na udongo na kuoza humo, kwa hiyo mtungi haukufaa tena. Makadirio ni mitungi zaidi ya milioni 50. Haikutupwa ovyo: vigae vilipangwa kwa ngazi na kunyunyiziwa chokaa kuua harufu. Ubavuni mwa mingine makarani walikuwa wameandika kwa wino uzito, jina la msafirishaji na mwaka. Nikamkumbuka Sista na rula yake.

Upepo hupenya kati ya vigae na kutoka ukiwa baridi, ndiyo maana watu wa baadaye walichimba humo maghala ya divai, na maghala yakageuka mikahawa. Kwetu pwani, sahani za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, kama zile za Kunduchi, ili zionekane. Hapa vyombo vilizikwa kwa mamilioni, na sasa watu wanalipa kukaa navyo mezani.

Utumbo ukaja. Ni ile sehemu yenye vishimo kama sega la nyuki, imekatwa vipande virefu, ndani ya mchuzi wa nyanya usiokimbia, juu yake mnanaa mwitu na theluji ya jibini ya kondoo. Nilitafuta ndimu kwa mazoea. Nilitafuta pilipili. Hakuna, na baada ya kijiko cha tatu sikutafuta tena. Mnanaa unafanya kazi ya ndimu kwa njia ya mlango wa nyuma. Meza ya pili alikaa mzee peke yake, gazeti limekunjwa chini ya kiwiko. Hakusema neno kwa mtu. Alipomaliza alichukua kipande cha mkate, akakizungusha kwenye sahani mara moja, mara mbili, mpaka sahani ikang'aa. Wenyewe huita kitendo hicho kiatu kidogo. Nami nikavaa changu.

Bili ilikuja na mstari mmoja wa "mkate." Ada ya kukaa mezani ilipigwa marufuku mkoani Lazio, uliko Roma, tangu 2006, mkate nao ukaanza kulipiwa.

Kurudi kilimani nilihesabu visanduku vidogo vya namba za siri vilivyofungwa kwenye nondo za madirisha, vya funguo za nyumba za kupangisha kwa usiku. Novemba 2024 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia iliagiza kila mgeni atambuliwe ana kwa ana, na agizo likaishia kubishaniwa mahakamani. Sista ana neno moja kwa visanduku hivyo: "Nyumba isiyosema karibu." Yeye mlango wake hufungwa saa tano kamili za usiku, na ukichelewa utamkuta amekaa gizani na rozari, jambo baya kuliko faini. Chumba changu kilikuwa kitanda cha chuma, meza, msalaba, na dirisha linalotazama mchungwa. Nimelala kwenye hoteli za nyota tano ambazo siwezi kukwambia dirisha lilitazama nini.

Lakini wenye hoteli nao wana kilio chao juu ya nyumba za watawa kama hii, na si cha kupuuzwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha uamuzi wa Tume ya Ulaya ulioisamehe Italia kudai kodi za majengo ambazo taasisi za Kanisa zenye biashara hazikulipa miaka ya nyuma. Nilimwuliza Sista kama nyumba yake inalipa. Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Hilo muulize mama mkuu." Nikamwuliza atakaporudi Tanzania daftari litabaki na nani. Hakujibu hilo pia.

Jumapili asubuhi, kwenye kahawa, akaja na kalamu.

"Sista, nimekula utumbo bora kuliko..."

"Hizo ni sifa. Nataka habari."

Nikamwambia kuhusu mzee na mkate wake. Akaandika. Nikamwambia mnanaa ulikuwa mwingi, jibini ya kutosha, chumvi imezidi kidogo. Akaandika. Kisha kalamu ikahamia safu ile nyembamba ya mwisho, ikangoja.

"Aliyepika?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimetazama vigae, kulabu, kioo, sahani ya jirani. Mlango wa jikoni ulikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

"Umekula kwa mtu saa mbili nzima," Sista akasema, "hujui hata ni mwanamke au mwanamume?"

Akaacha nafasi tupu, akaenda kumwagia mgeni mwingine maziwa.